Niliweka Dawa kwa Mkono Wangu

Aliyenisoma Jumamosi iliyopita anajua nilivyofukuzwa. Asiyenisoma nitamwambia kwa maneno machache, kisha tuendelee, maana ya leo ni mazito kuliko yale.

Mume wangu Bujiku alianguka shambani, kule kijijini kwetu Shinyanga. Mdomo ukapinda, mkono ukalegea, siku ya nne akafa. Ndugu zake hawakusubiri hata matanga yaishe. Walisema mkono wa mke ndio uliompinda mdomo. Wakabaki na ng'ombe na nyumba. Mimi wakanipa begi langu na mjukuu wangu Violeth, binti wa marehemu mwanangu Juliana.

Tukaja Geita mjini, Kalangalala, kwa mwanangu Onesmo. Onesmo alinipokea kwa machozi. Mkewe Loveness akanionyesha stoo, akasema nitalala pale penye magunia.

Sasa endeleeni nami.

Miezi saba nilikaa ile nyumba bila kazi. Mtu aliyeshika jembe tangu hajang'oa meno ya utoto hawezi kukaa tu. Lakini Loveness hakutaka niguse vyombo vyake. Alisema mikono yangu inanuka moshi wa kijijini.

Violeth ndiye aliyepika, akafua, akachota maji, akamenya, akafagia. Na bado wageni wakija, Loveness aliwaambia mbele yetu kwamba mumewe amemletea mizigo miwili, mmoja unakula na mwingine unakula zaidi. Wageni walicheka. Nasi tulikuwa tunacheka, maana usipocheka unaonekana una kiburi.

Kitu kimoja kilinipa subira. Violeth alikuwa amepata mchumba. Edson, kijana wa Chato, mchimbaji, mpole, hanywi sana wala hapigani. Alikuwa amesema atamleta baba yake, mzee Magesa, aje na barua ya posa.

Nikawa naomba Mungu kitu hicho kimoja tu. Violeth aolewe, atoke kwenye nyumba ile. Mimi ningebaki na magunia, si neno. Nimezeeka. Yeye ana miaka ishirini na moja, na tayari alikuwa anatembea amekunja mabega kama mjane.

Sasa niwaambie lilivyoingia jambo la pombe.

Ukuta wa pili aliishi bibi mwenzangu, Scolastika. Hana mume, hana mtoto aliye hai. Macho yake mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote. Kila mwezi alipika pombe ya mtama, ndoo moja, ya mdomo wake mwenyewe. Hauzi hata kikombe. Alisema wengine wana redio, yeye ana ndoo.

Harufu ya kimea kikikaangwa ilipanda ukuta ikanifuata mpaka stoo. Siku moja nikaifuata na mimi.

Hapa nikiri la kwanza. Bibi mzima wa Kisukuma, miaka sitini na nane, sikuwahi kupika pombe. Baba yangu alikuwa katekista, kwake hata togwa ilichunguzwa. Nikaolewa, mawifi zangu ndio walioshika chungu, mimi nikapewa shamba. Pombe za watu nimekunywa. Yangu sikuwa nayo.

Nilipomwambia Scolastika nataka kujifunza, alishika kiuno akacheka mpaka akakohoa.

"Mama Onesmo, wenzako tunaacha, wewe ndio unaanza?"

Nikamwambia mkono unaniwasha, unataka kazi. Akaniangalia kidogo, akaacha kucheka. Akanipa kisado cha mtama.

Akanifundisha kuloweka usiku mmoja, kuchuja, kutandaza juu ya gunia bichi na kufunika, mpaka mtama utoe mizizi kama ndevu za panya. Kisha unaanika, unasaga, ndicho kimea.

Mara ya kwanza nilifunika na nailoni badala ya gunia. Nilidhani nailoni itahifadhi unyevu vizuri zaidi, nikajiona mjanja. Siku ya tatu nikafunua, mtama umeota ukungu wa kijani na unanuka kama soksi za mchimbaji. Nikawamwagia kuku wa Loveness. Kuku walichungulia, wakaondoka zao.

Mara ya pili kimea kilikubali. Nikapika uji, nikatia kimea, nikauacha uchachuke, nikachemsha tena. Ikabaki kutia chachu. Scolastika alikuwa na kopo la maziwa ya unga alimohifadhi machicha mazito ya pombe iliyotangulia, yenye uhai. Unachota kidogo, unatia kwenye pombe mpya ikiwa vuguvugu, ndiyo inayoiamsha.

Mimi kwa haraka nikatia ingali moto. Tukasubiri siku nzima, ndoo imenyamaza kama maji ya kuoshea miguu.

Scolastika akachovya kidole, akaonja, akanitazama.

"Umeua dawa," akasema.

Ndivyo alivyoiita. Chachu yeye aliiita dawa. Mama yake aliiita hivyo, na bibi yake. Mpaka leo sijui kwa nini. Kwake kulikuwa na pombe iliyowekwa dawa na pombe isiyowekwa dawa, basi.

Mara ya tatu nikapoza vizuri, nikajaribia kwenye kiwiko kama unavyopima maji ya mtoto mchanga. Nikatia. Jioni nikainamisha sikio kwenye ndoo. Ilikuwa inanong'ona, kama wanawake wanaosengenyana ibadani.

Wanangu, nililia. Sijui niwaeleze vipi. Tangu Bujiku afe kila kitu nilichogusa kiliambiwa kimeharibika. Hiki kimoja niligusa kikaamka.

Na hapa nikiri la pili, ndilo lililoniua. Mgeni wa ufundi hupenda maneno ya ufundi. Fundi mwenyewe anasema kawaida tu, mwanafunzi ndiye anayepiga kelele. Nikaanza kusema dawa kila mahali. Nilipanda tofali nikamwita Scolastika juu ya ukuta: Scola, dawa imeamka. Scola, leo dawa kali. Scola, nigawie dawa, yangu imekuwa kidogo. Nilijisikia mtu.

Loveness aliniuliza siku hiyo hiyo ni dawa gani inayotajwa uani kwake kama jina la mtu. Nikafungua kopo nikamwonyesha. Nikamwambia ni chachu, mkwe, mashapo ya pombe, ndivyo tunavyoyaita. Akaziba pua na kanga. Akasema yeye ameokoka, nisimkaribishie uchafu. Lakini aliona, na alisikia. Hilo mlishike.

Onesmo alionja akarudia. Akasema mama, hii ni ya kijijini kabisa. Ndipo akamtajia mzee Magesa kwenye simu, walipokuwa wanapanga siku ya barua. Yule mzee akachekelea. Akasema kule ziwani siku hizi ni chupa tupu, pombe ya mtama hajaigusa tangu mkewe afariki, basi akija asipewe soda.

Nikapewa kazi. Katika nyumba ambayo sikuruhusiwa kugusa kijiko, nikapewa kazi ya kumpokea mkwe.

Loveness alisema nitawaaibisha. Nilikuwa nahesabu siku za kimea.

Alhamisi asubuhi pombe ilikuwa imepoa, tayari kutiwa chachu. Violeth akaja kunisaidia. Alikuwa ametoka kusukwa kwa ajili ya Jumamosi, kichwa kinang'aa mafuta, vidole vinang'aa mafuta. Scolastika alishanionya kwamba mafuta yakiingia, chachu inakufa.

Nikamwambia, "Toka mjukuu wangu, usiguse, mafuta yako yataniulia dawa."

Akacheka, akasimama mlangoni. Akanitazama ninavyochota na kutia kwa mkono wangu.

Jumamosi saa sita mchana wakafika. Mzee Magesa, mtu mrefu, kofia mkononi, koti la sherehe kwenye jua kali lile. Edson na wenzake watatu wa duarani, yaani shimo moja wanalochimba pamoja. Vijana wenye vifua, lakini siku hiyo wametulia, wamevaa mashati ya kuchomekea.

Nikaleta pombe nimepiga magoti. Kwetu aliyepika ndiye anayeonja kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni anywe moyo wake ukiwa mweupe. Nikachota kata, nikanywa nusu, nikafuta ukingo, nikampa.

Mzee Magesa akanywa macho ameyafumba.

"Wabeja, mayu," akasema. Yaani asante, mama. "Hii nilinyonyeshwa."

Watu wakacheka. Akanywa ya pili. Akaanza kusimulia mkewe alivyokuwa akipika, na yeye alivyokuwa anaiba kwa mrija wa bua. Akanywa ya tatu. Akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, kwamba binti aliyelelewa na mkono huu hawamwachi hata ng'ombe wote waishe.

Nilimwona Violeth kwenye mlango wa sebule. Mabega yalikuwa yamenyooka. Kwa mara ya kwanza tangu tuje Geita.

Mzee akasimama ili aisome barua mwenyewe. Akaanza vizuri. Halafu neno la nne likatoka limekatika. Akarudia, likatoka baya zaidi. Kata ikamponyoka mkono wa kulia, ikavingirika mpaka miguuni pangu.

Vijana walicheka. Walidhani pombe imemweza mzee. Mmoja akamtania, baba shikilia ukuta, mama mkwe anakuangalia.

Na mimi nilicheka. Nakiri. Nilicheka kwa fahari kwamba pombe yangu imekuwa kali.

Ndipo akageuka upande wetu, tukamwona mdomo.

Kile kicheko kikakatika kifuani mwangu, maana ule mdomo nilikuwa nimeuona shambani mwaka uliopita. Ulikuwa umevutwa upande mmoja vilevile. Jicho limelegea vilevile.

Wakambeba kwenye bajaji, Edson na Onesmo, wakaenda hospitali. Sisi wengine tukabaki uani. Wale vijana watatu walikaa kwenye benchi. Hakuna aliyegusa chakula. Violeth alikusanya sahani zilizojaa akazirudisha jikoni zikiwa zimejaa.

Nikaenda kumshika bega, nikamwambia Mungu yupo. Akasema ndiyo bibi. Lakini bega alilitoa.

Saa tisa wakarudi, wao wawili tu. Edson alikuwa amefungua vifungo vya shati. Akanijia moja kwa moja, akachuchumaa mbele yangu kwa adabu, kama kijana anayemwamkia bibi yake.

Akaniambia baba yake hawezi kusema. Daktari ameuliza kama ana presha, wakasema hawajui. Daktari ameuliza amekula nini na amekunywa nini tangu asubuhi, wamwambie kila kitu.

"Bibi," akasema, "kwenye ile pombe kuna nini?"

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Mtu kama mimi, niliyeishia darasa la nne, ni mara chache kuulizwa kitu ninachokijua. Nikajibu kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole.

"Mtama, mjukuu wangu. Na maji, na kimea. Halafu nikaweka dawa."

Nilisikia mwenyewe. Lakini neno likishatoka halina mkia wa kulivuta.

Benchi likalia. Wale vijana watatu walikuwa wamesimama.

"Dawa gani?" akauliza Edson. Bado sauti yake ilikuwa ya adabu. "Ile ya plenti?"

Yeye ni mchimbaji. Kwake dawa ni ile sumu wanayolowekea mchanga kwenye matangi, itoe dhahabu. Nikatikisa kichwa, hapana, hapana, siyo ya plenti.

Laiti ningesema ya plenti. Maana nilipokana hiyo, ikabaki dawa moja tu ambayo mtu wa kwetu anaijua, na hiyo haina duka.

"Ni dawa ya kienyeji," nikasema, nikitaka kusaidia. "Ya pombe tu. Ya kuiamsha."

Edson akasimama, akapiga hatua mbili nyuma.

Nikaanza kueleza. Nikasema chachu, nikasema machicha, nikasema ni mashapo tu. Lakini maelezo ya mtu aliyeshikwa ni kelele. Kadiri nilivyoongeza maneno ndivyo walivyonitazama midomo badala ya kusikiliza. Nikakumbuka yupo anayejua. Nikamgeukia mkwe wangu.

"Mama, mwambie. Nilikufungulia kopo ukaona."

Loveness alikuwa amesimama kwenye ngazi, kanga ameikunja kifuani. Alinitazama muda mrefu. Nilijua anachokitazama. Alikuwa anatazama stoo yake ikiwa haina mtu.

"Mimi nimeokoka," akasema. "Mambo ya makopo yenu siyajui. Nilichosikia ni dawa, dawa, dawa, kila siku ya Mungu, mpaka nikamwambia mume wangu."

"Nilionja mbele yenu," nikamwambia Edson. "Nilikunywa kwanza mimi."

Loveness akaguna.

"Mwenye dawa hadhuriki na dawa yake. Mwulizeni baba mkwe wangu alikufaje. Mdomo ulipinda. Aliyempikia ni nani?"

Nikamtazama mwanangu. Onesmo alimzika baba yake kwa mikono yake. Alikuwepo shambani, alikuwa amekuja kutusaidia kulima. Alikuwa amekaa na mimi siku zote nne, anajua nilimlisha baba yake uji kwa kijiko mpaka pumzi ya mwisho. Neno moja tu lingetosha.

Onesmo aliangalia viatu vyake. Kwenye ncha ya kiatu cha kushoto palikuwa na tope, akaanza kulifuta kwa soli ya kulia. Akafuta, akafuta.

Kijana mmoja wa duarani akauliza dawa nimeipata kwa nani. Hakuniita bibi.

Mnajua ukuta wa pili palikuwa na nani. Bibi wa macho mekundu, anayeishi peke yake, asiye na mtoto wa kumtetea. Huku kwetu vikongwe wameshauawa, wakiitwa wachawi kwa macho mekundu tu, kwa sababu ndogo kuliko hii. Scolastika angeweza kueleza vizuri kuliko mimi. Angeleta kopo, angewaonjesha. Lakini wasingefika kwenye kopo. Wangeishia kwenye macho.

"Ni yangu," nikasema. "Nimejifunza mwenyewe."

Kijana akasema hakuna anayejifunza mwenyewe.

"Mimi nimejifunza."

Ndipo Edson akamgeukia Violeth. Alikuwa bado ameshika sahani, sahani moja, sijui kwa nini hakuiweka chini.

Edson hakupaza sauti. Alimwambia anampenda, na wote tulisikia. Akamwambia baba yake amelala kule hawezi hata kutaja jina lake. Akamwambia yeye hawezi kupeleka kwao mwanamke ambaye watu watamnyooshea kidole kila mtoto akikohoa. Kwa hiyo aseme mwenyewe, mbele za watu, kama yumo au hayumo.

Violeth alinitazama.

Nilijua anachokijua. Alikuwa mlangoni Alhamisi. Alikuwa anajua chachu ni nini tangu ule mtama wa ukungu, alicheka na mimi. Nikajiambia sasa atasema. Halafu nikajiambia, akisema watamwambia naye amefundishwa. Watasema mchawi na mjukuu wake. Edson atapanda bajaji, na huyu mtoto atabaki na ndoo za Loveness mpaka azeeke.

Nikamfumbia macho. Sijui kama alielewa nilimruhusu, au aliona kikongwe amechoka.

"Nilimwona akiweka," Violeth akasema. "Ilikuwa Alhamisi. Nilitaka kumsaidia akanifukuza. Aliniambia nisiguse dawa yake."

Kila neno lilikuwa la kweli.

Edson akavuta pumzi. Akaichukua ile sahani mkononi mwa Violeth, taratibu, akaiweka juu ya mfuniko wa ndoo, akamshika mkono.

Nilikuwa nimemwomba Mungu Violeth atoke kwenye nyumba ile. Alinisikia.

Wale vijana wakanisogelea. Ndipo Onesmo akapata miguu. Akaniwahi, akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Akawaambia wamwachie yeye, huyu ni mama yake, ataitwa mwenyekiti wa mtaa, mambo yataenda kwa utaratibu. Akaniingiza stoo.

"Ni kwa usalama wako, mama."

"Onesmo. Baba yako."

"Najua, mama."

"Basi kawaambie."

"Kesho, mama. Watu wakipoa."

Akafunga kwa kufuli. Nilimsikia akijaribu kufuli mara mbili kama limeshika.

Nikakaa kwenye gunia. Kupitia matundu ya tofali kando ya mlango mwanga uliingia vipande vipande. Ndoo ya pili ya pombe, ile ambayo hawakuifikia, ilikuwa humo ndani pamoja nami, inanong'ona. Niliichukia. Nikaichapa teke, ikamwagika, ikalowesha kanga yangu yote na begi.

Nikajiambia si haba. Mtoto ameponea. Scola ameponea. Mimi nimeshafukuzwa mara moja, najua njia. Nikaanza hata kukunja nguo zangu mbili, kwa taratibu, ili mwenyekiti akija anikute tayari.

Ndipo nikasikia sauti nje, karibu na ukuta. Edson na Violeth.

Edson alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa anambembeleza. Anamwambia daktari anahitaji kujua ni majani gani au mizizi gani. Anamwambia bibi amegoma kusema, lakini yeye amekaa naye miezi yote, hakosi kujua. Anamwambia si kwa ubaya. Ni kumwokoa baba, baba yao wote wawili sasa.

Nikasimama juu ya gunia nikaweka mdomo kwenye tundu la tofali. Nikamwita. Nikamwambia mjukuu wangu nyamaza, umeshasema ya kutosha, nyamaza sasa.

Nadhani alinisikia, maana alishusha sauti.

"Dawa hakuitengeneza yeye," akasema. "Alikuwa anapewa. Juu ya ukuta, kwenye kopo."

"Na nani?"

"Yule bibi wa pili. Scolastika."

Nilisikia viatu. Si vya mtu mmoja. Vilitoka kwenye benchi, vikapita mbele ya stoo, na kivuli chao kikafuta mwanga kwenye tundu, kimoja, cha pili, cha tatu. Wa nne alichelewa, alisimama kuokota kitu kilichoegemezwa ukutani. Kililia chuma.

Nilipiga mlango. Nilimwita Onesmo, nilimwita Loveness, nilimwita Mungu. Nikapanda tena kwenye gunia nikamwita Scola kwa Kisukuma, afunge, afunge, asifungue. Redio ya Loveness ikapandishwa sauti, kwaya.

Katikati ya kwaya ile nikasikia geti la jirani likisukumwa. Halina komeo. Halijawahi kuwa nalo.

Kisha wakamwamkia. Vijana waliolelewa vizuri, wote kwa pamoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu," Scolastika akaitikia, na nilisikia anafurahi, maana wageni kwake ni adimu. "Piteni ndani, piteni. Mmefika wakati mzuri, ndiyo kwanza naepua."